Blanketi Nililomshonea Mjukuu

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kuililia. Kiti cha cherehani nilikikalia Biryogo, hapa Kigali, nikiwa kijana asiye na ndevu, na kiti hicho ndicho kilichonijengea nyumba Kibagabaga wakati watu wanasema nimekwenda kuishi na mbweha. Leo pembeni yangu kuna maghorofa na hospitali ya wilaya. Kibanda changu cha kazi bado kiko Biryogo. Sikuwahi kuajiriwa na mtu, wala sikumwomba mtu kitu. Nasema hivyo mapema ili anayesoma ajue ni mtu wa namna gani anayezungumza naye, kwa sababu mambo mengine yote yalitokana na hapo.

Sigara nilianza siku zilezile nilizoanza kushona. Aliyenifundisha kazi alikuwa anavuta, na mimi nilidhani ni sehemu ya ufundi. Ukifikiria, fundi ana mikono miwili kwenye kitambaa na miguu miwili chini, kinachobaki bure ni mdomo. Niliujaza. Nilikuwa naweza kukunja pindo la suruali ya harusi nikiwa na sigara mdomoni, na jivu lisidondoke mpaka niamue mimi. Vijana walikuwa wanakuja kutazama. Nilikuwa naona fahari, sitadanganya.

Lakini nguo inashika moshi, na fundi yeyote anayevuta anajua hivyo kabla mtu hajamwambia. Zamani mama mmoja wa Kiyovu, mwenye gari na dereva, alinirudishia mushanana wa binti yake, lile vazi letu la kutupia begani siku za sherehe. Hakuketi. Alisema nguo ya bibi harusi inanuka baa. Niliona haya mbele ya majirani, na siku hiyohiyo nikafunga kamba nyuma ya kibanda. Toka hapo kila nguo niliyoimaliza ililala kwenye kamba, ikapigwa na upepo siku nzima, ndipo nikaipiga pasi na kuitia kwenye mfuko wa karatasi. Hakuna mteja aliyelalamika tena. Kamba hiyo nitairudia.

Nyumbani sikuvuta hata siku moja. Mke wangu aliweka sharti hilo alipokuja kwangu na mimi nikalishika. Nikitoka kazini nilinawa, nikasukutua, nikaingia. Kwa hiyo mtu akiniambia sigara itawaumiza watu wa nyumbani kwangu, nilimjibu kwamba nyumbani kwangu haijulikani harufu yake. Niliamini hivyo kabisa.

Mwanangu ni dereva wa malori, njia yake ni ya Dar es Salaam, leo yupo kesho hayupo. Mkewe anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja kule Kiyovu. Wanakaa Busanza, kwenye zile nyumba za ghorofa walizohamishiwa watu. Mkwe wangu huyu ni Mnyarwanda aliyelelewa Karagwe, upande wa Tanzania, na huko alifundishwa adabu ambayo hapa mjini imeshaanza kusahauliwa: akimsalimia mkubwa anapiga goti, anashusha macho, na mkubwa akisema neno halirudishi. Mimi nilimpenda kwa hilo. Niliwaambia watu kwamba mwanangu ameoa mtu.

Wana binti mmoja, mdogo bado, hajaanza shule. Siku ambazo mama yake anaingia kazini alfajiri, mtoto analetwa kwetu jioni ya kuamkia siku hiyo na analala chumba cha nyuma na bibi yake. Alipoanza kulala kwetu niliamua nimtengenezee kitu ambacho hakuna mtoto mwingine Kigali anacho. Nikamshonea blanketi la viraka.

Chini ya meza yangu nina magunia ya mabaki ya vitambaa. Fundi hatupi. Nilichukua kitenge cha kila rangi, kaki ya sare za shule, nyeupe ya kanzu, hariri ya mushanana, hata mahameli ya mapazia ya hoteli. Juu nikaunganisha vipande, chini nikaweka shuka nene, katikati nikajaza vibaki vidogo vidogo visivyofaa kitu. Kushindilia ndani na kushonea pembe nilifanya kwa mkono, sigara mdomoni, wiki baada ya wiki, wateja wakitoka ndipo nalitoa. Lilipokwisha sikuweza kusubiri. Nilipanda pikipiki jioni ileile, nikiwa nimelibeba begani, yule wa pikipiki akilalamika kwamba haoni nyuma.

Mtoto aliangukia usoni kabisa kwenye blanketi. Alichagua pembe ya kaki akaitia mdomoni, na toka siku hiyo hakulala kwetu bila pembe ile. Mama yake alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaliinamia kidogo, akasema, "Asante baba, umefanya kazi kubwa." Nilidhani ameliinamia kwa heshima.

Halafu kikaja kikohozi. Mwanzo kidogo, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi, na asubuhi moja midomo ya mtoto ikabadilika rangi nikamkimbiza hospitali mikononi mwangu, kandambili moja ikabaki njiani. Daktari alisema ni pumu. Akampa kidawa cha kupuliza, akatufundisha kukitumia, akauliza kama kuna moshi nyumbani. Nilijibu kabla mke wangu hajafungua mdomo. Nilisema kwangu hakuna anayevuta. Na kwa kuwa daktari alikuwa bado ananitazama, nikamgeukia mkwe wangu, aliyekuwa amefika mbio na aproni ya kazi bado iko kiunoni, nikamwambia waache kupikia makaa huko ghorofani kwao.

"Tunatumia gesi, baba," alisema.

Nikamwambia gesi nayo ina harufu yake. Watu kwenye benchi walimtazama yeye.

Mke wangu ndiye aliyeona. Siku moja akiwa anachambua mchele aliuliza, kama anauliza bei ya nyanya, kwa nini mtoto hakohoi akiwa Busanza na anakohoa akilala kwetu. Nikasema ni vumbi la barabara. Akasema barabara ilishatiwa lami. Nikatoka nje.

Baada ya hapo mtoto hakuletwa tena. Hakuna aliyegombana. Mkwe alipiga simu, akasema amepata jirani wa kumwangalia, ili tusichoke. Blanketi likakunjwa likawekwa kichwani mwa kitanda. Mke wangu hakunilaumu, ila kila jioni alitandika kitanda kile, na asubuhi alikitandua.

Hapo sasa ndipo anapoingia mshauri wa afya wa mtaa wetu. Kwa wasiojua, kila umudugudu, yaani kila kitongoji, una wake. Ni jirani wa kawaida, hana koti jeupe, anapima watoto uzito, anagawa dawa za malaria, anajua nani ana mimba na nani hanywi vidonge vyake. Tunawachagua wenyewe, mkutanoni, kwa kujipanga mstari nyuma ya mtu unayemtaka. Huyu wetu anauza parachichi na ndizi kwenye meza mbele ya nyumba yake. Siku ya kumchagua mimi nilijipanga kwenye mstari mwingine, tena nilisema kwa sauti kwamba siwezi kupimwa afya na mwuza parachichi. Alisikia. Aliposhinda alikuja kunipa mkono.

Alikuwa ameshafika kwangu mara kadhaa kuhusu mtoto, na mara zote nilikuwa na kazi. Safari hii nilikwenda mwenyewe, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi, watu wakiwa wanarudisha majembe. Nilisimama mbele ya meza yake kama mnunuzi. Nikamwambia nataka kuacha sigara, na asiniulize kwa nini.

"Sikuuliza, muzee," alisema. Alikuwa anageuza geuza parachichi kutafuta lililoiva. "Wewe tena iko rahisi. Mwezi wa Ramadhani unafungaka toka alfajiri mpaka magharibi, hauvuti. Hiyo nguvu iko wapi miezi ingine?"

Nikamwambia Ramadhani ni ibada. Akasema na kifua cha mtoto ni ibada. Nikakasirika, lakini kesho yake tulikwenda pamoja kwenye santere, yaani kituo cha afya, nikaketi kwenye benchi na akina mama wajawazito. Nesi aliyenipokea angeweza kuwa mjukuu wangu. Hakunisema vibaya. Aliniuliza ni saa zipi hamu inakuja, mikono inafanya nini wakati huo, na nani atakuwa karibu. Tukachagua siku. Akasema siku hiyo nisiiache hata moja ya akiba mfukoni, kwa sababu nilikuwa nimesema nitaacha moja ya akiba.

Sitaeleza sana zile siku za kwanza. Nilikata suruali ya mtu mguu mmoja mfupi. Nilimfukuza mteja wa miaka mingi kwa sababu alikohoa karibu yangu. Mdomo ndio ulionitesa, ule mdomo usio na kazi. Mke wangu akanipa karafuu za pilau nitafune, na mpaka leo mfuko wa shati langu umejaa karafuu. Kila jioni mshauri alipita, akasimama mlangoni bila kuingia, akanitania. Aliniuliza kama nimempiga mtu leo. Nikisema hapana, anasema, basi tunaendelea. Siku moja nilimwambia nimeshindwa, nimevuta nusu. Akasema, "Na nusu ingine?" Nikasema niliitupa. Akasema basi kumbe na kutupa unajua, akaenda zake.

Nikaacha. Sikuvuta tena. Hilo ni kweli, na ukweli huo ndio uliokuja kuniharibia.

Nilipiga simu Busanza mwenyewe. Nikamwambia mkwe mlete mtoto, babu ameacha. Akamleta siku hiyohiyo. Mtoto alikimbilia chumba cha nyuma, akatoka anaburuta blanketi lake sakafuni, pembe ya kaki iko mdomoni. Tulicheka wote. Alfajiri filimbi ikarudi kifuani. Tukampulizia dawa, akatulia, na mama yake alipotoka kazini kuja kumchukua alimkuta amekaa mapajani mwa bibi yake, macho yamemvimba.

Mkwe alinisalimia kwa goti kama kawaida. Halafu, akiwa bado chini, akauliza taratibu sana, "Baba, nisamehe kwa kuuliza. Bado unavuta?"

Mshauri wa afya alikuwepo, alikuwa amekuja kumtazama mtoto. Mke wangu alikuwepo. Mimi niliyekuwa nimetafuna karafuu mpaka ulimi ukachubuka, niliyekaa kwenye benchi na wajawazito, naulizwa mbele ya watu kama mwizi. Niliapa. Nilimwambia anuse mikono yangu, anuse koo langu. Nilimwambia katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuniita mwongo na hataanza mtoto wa watu. Nikasema sitamruhusu atoke mpaka aombe radhi, na aombe mbele ya hawa hawa.

Aliomba. Alikuwa ameshapiga goti moja, akaweka na la pili. Alisema, "Nimekosa, baba, nisamehe." Mtoto alikuwa anatazama. Mshauri alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Nikasema nimesamehe, na niliposema hivyo nilijiona mkubwa.

Akambeba mtoto wakaondoka.

Kuna jambo nesi alikuwa ameniambia ambalo sikulitilia maanani: kwamba pua itarudi. Mvutaji hajui kwamba pua yake ilishakufa zamani. Yangu ilirudi kidogo kidogo. Siku moja nilisikia harufu ya mvua kabla haijafika. Siku nyingine nikamwuliza mke wangu ameweka nini kwenye mchuzi, akasema ni hiliki ileile anayoweka toka tuoane. Nilifurahi kama mtu aliyepewa mali.

Alasiri moja ya Ijumaa, nimetoka msikitini, nilikwenda chumba cha nyuma kurekebisha pindo la lile blanketi, maana mtoto alikuwa ameanza kulifumua pale anapolinyonya. Nililikunjua mapajani. Nikavuta uzi karibu na uso nione mshono.

Lilinuka kibanda changu. Lilinuka miaka yote ile. Nililifumua mshono kidogo, nikatia pua ndani kwenye vibaki, nikalazimika kugeuza kichwa. Magunia yale yalikaa chini ya meza ninayovutia toka nilipokuwa kijana. Kila pumzi niliyoitoa ilishuka huko. Nilikuwa nimeukusanya moshi wa maisha yangu, nikaushindilia, nikaushonea pembe, nikamfunika nao mtoto usoni.

Nikaikumbuka kamba. Mama wa Kiyovu, mwenye dereva, nguo yake niliianika. Watu nisiowajua majina nguo zao niliwaanikia, nikawapigia pasi, nikawafungia kwenye karatasi safi. Hili sikulianika hata saa moja. Nilikuwa na haraka ya kushukuriwa.

Ningesema nilinyanyuka hapo hapo nikaenda Busanza, ningekuwa mtu mzuri. Nililitia kwenye gunia, nikalificha nyuma ya mlango wa stoo. Niliamua nitasema panya wamelitafuna. Niliipanga hiyo habari ya panya vizuri, mpaka panya wenyewe niliwaona. Kwa sababu nikisema la kweli, itabidi niseme na lile la magoti.

Na kabla sijaisema hiyo ya panya, mshauri wa afya akaja kuniomba nisimame kwenye mkutano wa baada ya umuganda, niwaeleze watu jinsi nilivyoacha. Alisema wavutaji wengine watasikia kwa mzee kuliko kwake. Nilipaswa kukataa. Lakini mtu kama mimi akiambiwa simama wakusikie, anasimama.

Nilisimama. Nilisema vizuri, hilo najua. Nilieleza mdomo usio na kazi, nikaeleza karafuu, wakacheka. Kisha, kwa sababu wanacheka, ulimi ukaenda. Nikasema hata mkwe wangu mwenyewe hakuniamini, akaja kunichunguza, na mwisho alipiga magoti akaomba radhi. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi waone.

Nilimtazama mshauri wa afya. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa ameangalia chini, anafuta tope kwenye jembe lake kwa kidole.

Nilikaa. Sikusikia tena mkutano ulizungumza nini. Gunia lilikuwa nyuma ya mlango wa stoo na mimi napigiwa makofi kwa magoti ya mtu asiye na kosa.

Jioni hiyo nilipanda basi kwenda Busanza, na gunia mapajani. Sikumwambia mke wangu, ila aliniona natoka nalo, akasema tu nivae koti. Sikuvaa. Koti lile nalo nilikuwa nimeshalinusa.

Mkwe alikuwa anaanika nguo za mtoto kwenye kibaraza. Aliponiona akaanza kushuka chini kusalimia. Nikamshika kiwiko, nikamwambia leo asipige goti. Alishtuka, alidhani kuna msiba. Nikatoa blanketi kwenye gunia, nikamwambia ndilo lililokuwa linamwumiza mtoto, kwamba nilizishona sigara zangu humo ndani, na kwamba nilijua toka Ijumaa ya wiki iliyopita nikalificha. Nikamwambia na yale niliyoyasema mkutanoni. Nilisema yote bila kupumzika, kwa sababu nilijijua: nikipumzika ningeanza kujitetea.

Hakuonekana kushangaa. Alilishika blanketi pembeni, pale kwenye kaki.

"Nilinusa siku ile ya kwanza, baba," alisema. "Ulipolileta. Siku moja nilipomleta mtoto, mama akiwa sokoni, nililianika dirishani kwenu. Haikusaidia, linanuka kutoka ndani. Uliposema umeacha na harufu bado ipo, sikujua kama ni ya zamani au bado unavuta karibu nalo, ndiyo maana nikauliza."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Nilimwuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, bado nilikuwa na ukali.

Alinitazama machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ningekwambia vipi? Hospitalini nilisema neno moja la gesi, ukanijibu mbele ya watu. Nikauliza swali moja, nikapiga magoti. Hili ulikuwa umelishona kwa mkono."

Moshi nimeutafutia sababu nyingi: aliyenifundisha kazi, mdomo, ujana. Hili la mtu kumwona mwanawe anakosa pumzi na bado aniogope mimi kuliko hiyo pumzi, sikupata wa kumtupia.

Nilimwomba radhi. Sijui kuomba radhi, sikuwahi kujifunza, nikasema maneno mafupi tu. Alisema ameyasikia. Hakusema amesamehe, na mimi sikumdai. Nikamwambia nitamshonea mtoto jingine, kwa kitambaa kipya kutoka dukani, nitalishonea nyumbani. Akasema hapana, baba, usishone. Atanunua blanketi la kawaida yeye mwenyewe. Kwa sasa atamleta mchana tu, na kulala ataamua baadaye. Nikasema sawa. Toka lile sharti la mke wangu, ni mara ya kwanza nakumbuka mtu akinipangia masharti ya nyumbani kwangu nikasema sawa.

Mkutano uliofuata niliinua mkono, nikasimama tena. Nilisema mkwe wangu alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi ndiye niliyepaswa kupiga magoti. Safari hii hawakucheka wala hawakupiga makofi. Yule mzee wa vijana wa siku hizi alinikoholea. Mshauri wa afya alinipitia baadaye na parachichi moja, akasema limeiva leo leo, nisiliweke.

Magunia nimeyatoa kibandani. Kuta nimezisugua kwa sabuni na kupaka chokaa, na nikiingia asubuhi bado nasikia harufu. Nguo ya kazi naivulia palepale, nyumbani naingia na nyingine.

Mtoto anakuja mchana. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akarudi mikono mitupu.

"Babu, blanketi langu la rangi liko wapi?"

Ile ya panya ilikuwa bado kichwani, imepangwa vizuri. Nikamwambia lilikuwa linamkohoza, na babu ndiye aliyelifanya hivyo. Alifikiri kidogo, akauliza kama na pembe nayo ilikuwa inakohoza. Nikasema na pembe.

Akalia. Nilimwacha alie, nikakaa karibu yake, karafuu mdomoni.